Azima Moja, Vitenzi Viwili: Kufundisha Vitenzi vya Kiingereza Vinavyochanganywa

Utangulizi

Kila mwalimu mwanafunzi aliyekwisha kusahihisha madaftari ya Kiingereza ya Darasa la Tano anazifahamu sentensi za namna hii: "Please borrow me your ruler", "My father learned me to milk a cow", "Remember me to bring the hoe", "She said me the truth." Kwa kawaida sentensi hizi hukatwa kwa kalamu nyekundu, sentensi sahihi ikaandikwa pembeni, na juma linalofuata makosa yale yale yakarudi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba makosa hayo hayatokani na uzembe wala upungufu wa akili. Yana chanzo kinachoelezeka, na jambo lenye chanzo kinachoelezeka lina dawa.

Tunawaandikia hasa wale wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Endagikot na kata nyingine za Mbulu na Hanang. Huko watoto wengi hufika shuleni na lugha ya nyumbani, wakajifunza Kiswahili, ndipo wakakabidhiwa Kiingereza. Hata hivyo, yale tutakayoyaeleza yanamfaa mwalimu wa mahali popote ambapo Kiswahili ndicho lugha ya darasani.

Uzito wa jambo hili

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali zilizo nyingi, na Kiingereza kimekuwa somo mojawapo. Mtoto anapoingia Kidato cha Kwanza mambo hugeuka ghafla: hisabati, jiografia na sayansi zote huja kwa Kiingereza. Hapo kitenzi kimoja kisichoeleweka huweza kumwangusha mtoto katika somo ambalo analijua vizuri.

Tuchukue swali hili la hesabu: "Safari had 5,000 shillings. He lent Neema 2,000 shillings. How much money did he have then?" Mtoto anayefahamu kwamba "lent" ni kutoa atapata shilingi 3,000. Mtoto aliyejifunza tu kwamba "lend" ni kuazima, na ambaye kwa neno kuazima anamwona mtu anayepokea, atajumlisha na kupata 7,000. Anajua kujumlisha na anajua kutoa. Kilichomkosesha alama ni kitenzi. Mwalimu wa hesabu ataandika kwamba mtoto huyu hajui hesabu, na huenda mtoto mwenyewe akaamini hivyo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuyahesabu makosa haya kuwa madogo.

Chanzo cha mchanganyiko

Mtoto aliyeandika "borrow me your ruler" amefanya kazi ya uangalifu. Amechukua sentensi ya Kiswahili iliyo safi kabisa, "Tafadhali niazime rula yako," akaweka neno la Kiingereza mahali pa neno la Kiswahili. Mwalimu wake alimwambia kwamba "borrow" ni kuazima, naye akalitumia hivyo. Kiswahili kinaruhusu kusema "Nimeazima rula kwa Neema" na pia "Neema ameniazima rula." Kitenzi ni kimoja, na maneno yanayokizunguka ndiyo yanayotuonyesha nani anatoa na nani anapokea. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. Basi kosa halikuanza katika daftari la mtoto. Lilianza ubaoni, pale neno moja la Kiswahili lilipoandikwa mbele ya neno moja la Kiingereza kana kwamba yamelingana.

Wapo walimu wanaofikia uamuzi kwamba dawa ni kukifukuza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Hatukubaliani nao. Mtoto hawezi kuiacha mlangoni lugha anayofikiria kwayo. Isitoshe, kama tutakavyoona, mara nyingi Kiswahili kinazo tofauti zile zile ambazo Kiingereza kinazitaka, ila kimezificha mahali pengine: katika viambishi na katika nyakati. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto kwamba tofauti hiyo tayari anaijua.

Kundi la kwanza: mwelekeo wa kitu

Katika kundi hili wamo "borrow" na "lend". Mwalimu asianze na maana. Aanze na swali: Kitu ni cha nani? Mwenye kitu "lends". Asiyekuwa nacho "borrows". Mfano ulio karibu na watoto wa Mbulu ni maksai wa kulimia. Jirani asiye na maksai huenda kwa mwenye nao: huyo "borrows the oxen from his neighbour". Mwenye maksai akikubali, yeye "lends the oxen to his neighbour". Maksai ni wale wale na siku ni ile ile. Aliyebadilika ni mtu tunayemzungumzia. Maneno "from" na "to" yafundishwe pamoja na vitenzi vyake tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo yanayouonyesha mwelekeo.

Kwa upande wa "bring" na "take" Kiswahili kinatusaidia zaidi. Kuleta ni kuja na kitu hapa alipo msemaji, na kupeleka ni kwenda nacho kule. "Bring the chalk here" ni leta chaki. "Take the chalk to Standard Three" ni peleka chaki. Lakini hapa Kiingereza ndicho chenye neno moja kwa mawili yetu, maana "take" ni kupeleka na pia ni kuchukua. Mtoto aelezwe hivyo waziwazi, ajue kwamba lugha zote hufanya hivi, na kwamba Kiswahili si lugha pungufu.

Kundi la pili: mtendaji na msababishaji

Hapa ndipo Kiswahili kinapomfaa mwalimu kuliko mahali pengine popote. Kauli ya kutendesha humpa mtoto jozi nzima za vitenzi. Kumbuka na kumbusha ni "remember" na "remind". Ona na onyesha ni "see" na "show". Anguka na angusha ni "fall" na "drop". Lala na laza ni "lie" na "lay". La na lisha ni "eat" na "feed". Jifunza na fundisha ni "learn" na "teach". Tena joto likipanda, "the temperature rises"; sisi tukilipandisha, "we raise the temperature". Jozi hii ya mwisho mtoto ataikuta katika sayansi ya sekondari mara nyingi mno.

Mtoto anayeandika "Remember me to bring the hoe" aulizwe kwa Kiswahili: "Ulitaka kusema nikumbuke au nikumbushe?" Atajibu bila kusita. Mwalimu amwambie: "Umekwisha kuijua tofauti. Kiingereza hakikuongeza kiambishi. Kimeleta neno jingine. Palipo na kumbusha, andika 'remind'."

Watoto wa Mbulu wana hazina nyingine pia. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, mbali na lugha za Kibantu, lakini nacho kina viambishi vyake vya kuonyesha kusababisha. Mtaalamu Maarten Mous aliieleza sarufi ya lugha hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Mwalimu asiyejua Kiiraqw asione haya kuwauliza watoto: "Nyumbani mnasemaje kukumbuka? Na kukumbusha?" Vivyo hivyo kwa watoto wa Kidatoga, na wa Kihadza huko Yaeda. Darasa litachangamka, na watoto watatambua kwamba kutofautisha maana ni kazi wanayoifanya kila siku.

Tahadhari moja inahitajika. Kiingereza hakileti neno la pili kila mara. Maji yanachemka, nasi tunachemsha maji: Kiingereza kinatumia "boil" kwa yote mawili. Fimbo inavunjika, na mtu anavunja fimbo: vyote ni "break". Jozi za namna hii zitajwe baada ya zile za kwanza kuzoeleka, wala si siku hiyo hiyo.

Kundi la tatu: sema na ambia

Makosa ya "say" na "tell" ni mengi, na tiba yake ni rahisi. Mtoto yeyote anajua kwamba twasema "aliniambia" lakini hatusemi "alinisema" tukiwa na maana hiyo, kwani kumsema mtu ni jambo jingine kabisa. Kitenzi ambia hutaka mtu wa kuambiwa. Kitenzi sema hakimtaki. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "He told me that the cow was sick", "He said that the cow was sick." Palipo na ambia iandikwe "tell", na mara baada yake atajwe mtu. Palipo na sema iandikwe "say".

Yako mafungu machache yasiyoifuata kanuni hii, nayo yakaririwe yalivyo: "tell a story", "tell the truth", "tell a lie". Aidha kusema lugha fulani ni "speak": "She speaks Iraqw and Swahili."

Kundi la nne: kusikia na kuona

Kiswahili husikia kwa mwili mzima. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa, twasikia baridi. Vilevile twaona ng'ombe na twaona kiu. Mtoto akiandika "I hear hunger" ametafsiri kwa uaminifu. Swali la kumwuliza ni hili: Kwa kiungo gani? Kwa masikio ni "hear". Kwa pua ni "smell". Kwa ngozi au kwa mwili wa ndani ni "feel": "I feel cold", "I feel hungry". Asubuhi ya mwezi wa Juni katika nyanda za juu za Mbulu "I feel cold" haihitaji picha wala chati.

Sikiliza ni "listen", yaani kusikia kwa kukusudia. Tazama ni "look", na kutazama kwa muda kitu kinachotendeka, kama mpira, ni "watch". Kwa hiyo swali la pili ni: Je, alikusudia? Asiyekusudia "hears" na "sees". Aliyekusudia "listens" na "looks".

Kundi la tano: anavaa na amevaa

Sentensi "He has worn a red shirt" husikika hata kwa watu wazima waliosoma. Imetokana na amevaa shati jekundu. Katika Kiswahili tofauti imo katika kiambishi cha wakati: anavaa ni tendo linaloendelea, mkono ungali katika mkono wa shati, amevaa ni hali, shati limo mwilini. Kiingereza kimeiweka tofauti hiyo katika vitenzi viwili. Anavaa ni "He is putting on a shirt". Amevaa ni "He is wearing a shirt". Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa koti lake mwenyewe, akilivaa polepole huku darasa likisema sentensi ya kwanza, kisha akisimama wima huku likisema ya pili.

Kundi la sita: fanya

"Do" na "make" ni jozi ngumu kuliko zote, kwani kanuni yake ina mapengo. Husemwa kwamba "make" huacha kitu kipya, kama "make a chair", na "do" hutaja kazi tu, kama "do homework". Kanuni hiyo inasaidia kwa sehemu, lakini haimwelezi mtoto kwa nini kutandika kitanda ni "make the bed". Ushauri wetu ni kuyafundisha mafungu ya maneno mazima, machache kwa juma: "make a mistake", "make a noise", "do your work", "do an exercise". Mtoto ayakariri katika sentensi zinazomhusu.

Mfano wa majirani zetu

Ili kuthibitisha kwamba kosa hutoka katika lugha ambayo mtoto tayari anayo, tuwatazame majirani. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na walimu waliosomea Kifaransa wakalazimika kujifunza Kiingereza huku wakifundisha. Burundi na Kongo ya mashariki nako Kifaransa kimekaa shuleni kwa muda mrefu, na katika kambi za wakimbizi za Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wengi wamesoma kwa mitaala ya nchi zao inayotumia Kifaransa.

Mwanafunzi aliyelelewa na Kifaransa hana sababu ya kutatizwa na "borrow" na "lend" kama wetu, kwa sababu lugha hiyo ina "emprunter" na "prêter". Lakini hutatizwa na "win" na "earn", maana kushinda mchezo na kupata mshahara vyote kwa Kifaransa ni "gagner". Huchanganya "learn" na "teach" kwa ajili ya "apprendre" inayoweza kubeba maana zote mbili. Katika "do" na "make" yeye na mtoto wetu wamo katika mtumbwi mmoja: yeye ana "faire", wetu ana fanya. Kitabu kilichotungwa kwa wanafunzi wa Kifaransa hakiwezi basi kuwa dawa ya darasa la Endagikot, wala makala haya hayawezi kutumiwa Bujumbura bila kubadilishwa. Mwalimu hana budi kuanza na lugha ya watoto walio mbele yake.

Mpango wa vipindi vitatu

Tunapendekeza mpango ufuatao wa "borrow" na "lend". Mwalimu asifundishe vitenzi viwili vinavyochanganywa kwa mara ya kwanza siku moja. Majaribio ya Thomas Tinkham yaliyochapishwa mwaka 1993, na ya Rob Waring ya mwaka 1997, yalionyesha kwamba maneno mapya yenye maana za karibu yakifundishwa kwa pamoja huzuiana kichwani, na mwanafunzi huchukua muda mrefu zaidi kuyashika.

Kipindi cha kwanza kiwe cha "borrow" peke yake. Zana ni rula, kalamu, kikombe na jembe. Mtoto asiye na kitu huinuka, huenda kwa mwenzake na kuuliza, "Can I borrow your ruler?" Kisha huligeukia darasa na kusema, "I borrowed a ruler from Neema." Katika darasa la watoto themanini, safu moja iombe kwa safu ya pili, wote kwa wakati mmoja, na mwalimu apite akisikiliza. Mwishoni kila mtoto aandike sentensi tatu za kweli juu ya vitu alivyoviazima nyumbani au shuleni.

Kipindi cha pili kiwe juma linalofuata, baada ya mwalimu kuhakikisha kwamba "borrow" imeshikwa. Sasa anayezungumza ni mwenye kitu: "I lent my ruler to Safari." Utaratibu ni ule ule, na swali ni lile lile: Kitu ni cha nani?

Kipindi cha tatu huviunganisha vyote viwili. Watoto wawili husimama mbele na jembe moja. Jembe likisha kupokelewa, nusu ya darasa husema habari za mtoaji, nusu nyingine habari za mpokeaji. Baada ya hapo mwalimu aandike ubaoni hesabu ya Safari na Neema, kisha aibadilishe kwa kuandika "borrowed 2,000 shillings from Neema". Watoto waone kwa macho yao jibu likihama kutoka 3,000 hadi 7,000 kwa sababu ya kitenzi na kiungo chake.

Namna ya kusahihisha

Mstari mwekundu humwambia mtoto kwamba amekosa. Haumwambii alikosa wapi. Badala yake mwalimu aandike pembeni swali fupi la kundi linalohusika: Ni cha nani? Kumbuka au kumbusha? Nani aliambiwa? Kwa kiungo gani? Anavaa au amevaa? Mtoto aisahihishe sentensi mwenyewe na kuirudisha. Njia hii huchukua muda mwanzoni, lakini hupunguza mzigo wa madaftari baadaye, kwa sababu kosa alilolitatua mtoto mwenyewe halirudi kwa urahisi.

Zoezi la wanachuo

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mwalimu mwanafunzi azisahihishe sentensi zifuatazo, ataje sentensi ya Kiswahili iliyozizaa, na aandike swali ambalo angemwuliza mtoto.

1. "The teacher learned us a new song."
2. "I told that I was sick."
3. "Lend a bucket from the neighbour."
4. "My mother has worn a blue dress today."
5. "I am hearing a bad smell."

Sehemu ya pili ya zoezi, yaani sentensi ya Kiswahili, ndiyo tunayoithamini zaidi. Mwalimu anayeweza kuiona sentensi ya Kiswahili nyuma ya kosa la Kiingereza hatamwita mtoto mjinga, kwa maana atakuwa amekwisha kuona jinsi mtoto huyo alivyofikiri. Akiisha kuliona hilo, atajua pia ni swali gani la kumwuliza.